"WEWE NJOO TU": AMANA YA NENO KWA NDUGU ANAYEHAMIA MJI WA MBALI

(Matini ya darsa iliyotolewa msikitini, Dodoma, baada ya swala ya Ishaa)

Kila sifa njema inamstahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, Mwenye kumruzuku amtakaye. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, Maswahaba wake, na wote wenye kufuata mwendo wao kwa wema. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, kabla ya kuingia katika maudhui tuziangalie safu zetu. Tukiulizana usiku huu ni nani aliyezaliwa hapa Dodoma, mikono itakayoinuka itakuwa michache. Tumetoka Kondoa, Singida, Tabora, Kigoma, Tanga, Lindi na Unguja. Wengine tumezifuata wizara, na wengine tumewafuata waliozifuata wizara, tukawapikia, tukawajengea, tukawasomeshea watoto. Uamuzi wa kuufanya mji huu makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, ukalala miaka mingi, ukaamshwa Julai 2016. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta hapa watu wapatao 411,000. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta zaidi ya 765,000. Na tangu treni ya umeme ianze kufika hapa kutoka Dar es Salaam katikati ya mwaka 2024, safari iliyokuwa ikimaliza kutwa imekuwa ya saa chache.

Wenyeji wa zamani wa mji huu wanatusimulia kwamba kulikuwa na wakati kila sura ilijulikana mtaani. Leo nyuma ya karibu kila mgeni anayeshuka stendi ya Nzuguni na begi lake kuna simu iliyopigwa, na ndani ya simu hiyo mara nyingi mna maneno matatu: "Wewe njoo tu." Maudhui yetu usiku huu ni hayo maneno matatu, uzito wake mbele ya Allah (s.w.), na deni analobaki nalo aliyeyatamka.

Tuanze na kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita madrasa tunayosomesha ilizidiwa na wanafunzi. Tukamkumbuka ndugu yetu mmoja tuliyesoma naye Khartoum, ambaye baada ya masomo alirejea kijijini kwao mkoani Tanga, akawa anasomesha kwa ujira wa mahindi na nazi. Tukampigia simu. Akatuuliza habari za mshahara, tukamjibu kwamba kamati haitashindwa. Akauliza nyumba, tukamwambia nyumba Dodoma zipo tele. Akauliza kama jina lake limekwishapitishwa. Hapo ndipo tuliposema: "Akhi, wewe njoo tu, mengine tutayamaliza hukuhuku."

Ukweli ni kwamba kamati ilikuwa haijakaa. Tulikuwa tumezungumza na mweka hazina peke yake, tena mlangoni, wakati wa kuvaa viatu.

Akaja. Akaja na mkewe, watoto wawili, godoro moja na maboksi manne ya vitabu. Kamati ilipokaa ikasema kwamba fedha ya mwalimu wa ziada haitapatikana mpaka michango ya Ramadhani ikusanywe, yaani Shawwal, na wakati huo tulikuwa Jumada ya pili. Mwenye nyumba naye akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kitanda walichokiacha kwao kikauzwa kwa simu, kisha ikafuata pete ya mke. Katika miezi yote minne ndugu yetu hakututamkia neno moja la lawama, na laiti angelitamka ingekuwa nafuu kwetu. Siku moja tulimkuta kibarazani akiwasikiliza wanawe sura fupi fupi. Yule mdogo akakatiza, akauliza: "Baba, hii kazi tuliyoijia iko wapi?" Baba yake hakumtazama mtoto. Alitutazama sisi.

Tunakileta kisa hiki kwa sababu hakina tapeli ndani yake. Lau kingekuwa na tapeli tungemlaani tukalala. Sisi tulikuwa tunampenda yule ndugu, na tulikuwa tunaitakia madrasa kheri. Tulichofanya ni kuyasema tunayoyatamani kana kwamba ni mambo tuliyoyaona, na mtu aliye umbali wa mamia ya kilomita hana macho mengine ila yetu. Akiuliza, "Huko kukoje?", ametuweka katika nafasi ya shahidi. Ushahidi wa yale ambayo hayajathibiti tunaujua hukumu yake tunapokuwa mbele ya kadhi. Iweje tuusahau tukishika simu?

Tuitazame Sira. Katika mwaka wa tano wa Utume, adha ya Maquraish ilipokuwa nzito, Mtume (s.a.w.) hakuwaambia Maswahaba zake watawanyike ovyo waikimbilie riziki na usalama popote. Aliwaelekeza nchi maalumu, Habasha, na akawapa sababu: kuna mfalme ambaye watu hawadhulumiwi mbele yake. Yaani walipewa habari ya pale waendapo na habari ya mwenye mamlaka wa pale. Habari ilitangulia, safari ikafuata.

Kisha likatokea jambo ambalo wengi wetu hulisoma haraka. Wakiwa Habasha, iliwafikia habari kwamba watu wa Makka wamesilimu. Wapo waliofunga mizigo wakarudi. Walipoukaribia mji wakabaini kuwa habari ile haikuwa kweli. Baadhi yao wakaingia kwa kujificha, wengine wakaingia kwa himaya ya wakubwa wa Kiquraish, kama Uthman bin Madh'un (r.a.) aliyeingia kwa himaya ya Al-Walid bin Al-Mughira, na baadaye akairejesha himaya ile kwa hiari yake kwa sababu hakuridhika kustarehe ilhali ndugu zake wanateswa. Tazameni, hawa ni watu wa mwanzo katika Uislamu, bora kuliko sisi kwa kila kipimo, nao walihama kwa habari isiyo sahihi. Basi kijana wetu akidanganywa akasafiri, akafika akakuta hakuna kitu, asichekwe vibarazani kwamba ni mjinga wa mjini. Habari ya uongo humwangusha hata mtu mwema, na pengine yeye ndiye huangushwa zaidi kwa kuwa anawadhania watu wema aliokuwa nao moyoni.

Na ile Hijra kubwa ya Madina, nani atasema ilifanywa kwa "njoo tu"? Mus'ab bin Umair (r.a.) alitangulizwa Yathrib baada ya ahadi ya kwanza ya Aqaba, akakaa na watu, akawafundisha, akawajua. Msimu uliofuata wakaja wanaume sabini na tatu na wanawake wawili, wakajifunga kwa ahadi kwamba watamlinda Mtume (s.a.w.) kama wanavyolinda familia zao. Ndipo watu walipoanza kuhama. Na ilipofika zamu yake Mtume (s.a.w.), yeye ambaye Allah (s.w.) anamlinda, alimwajiri Abdallah bin Uraiqit awe kiongozi wa njia, mtu ambaye wakati ule hakuwa Mwislamu lakini alikuwa anaijua njia na ni mwaminifu wa ahadi. Ngamia wawili walikabidhiwa mapema, na miadi ikawekwa kwamba baada ya siku tatu akutane nao katika pango la Thaur. Abdallah mwana wa Abubakar (r.a.) alikuwa akileta habari za mjini usiku, na Amir bin Fuhaira akipitisha kundi la mbuzi ili wapate maziwa. Tawakkul ilikuwa kamili na maandalizi yalikuwa kamili. Kwa hiyo anayetuambia leo kwamba kuuliza mshahara, nyumba na mkataba kabla ya safari ni udhaifu wa imani, tumwulize yeye ameisoma Sira gani.

Tena Qur'ani katika Surat al-Hujurat imetuamuru tuipeleleze habari inayoletwa na asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu bila kujua kisha tukajuta. Wengi hudhani aya ile inahusu fitina baina ya makundi tu. Tunasema inamhusu pia anayeuza mbuzi wawili wa mama yake kwa ajili ya ujumbe wa simu.

Hapo tunafika kwenye balaa la zama zetu. Kuna aina mbili, na ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza.

Ya kwanza ni yule anayepiga simu akajitambulisha kuwa ni ofisa wa ofisi fulani kubwa hapa Dodoma. Anasema jina lako limo katika orodha, ila linahitaji "kusukumwa", basi tuma kiasi fulani kwa namba hii kabla ya saa kumi. Ijulikane kwa wote, na wanaosoma jarida hili wawasomee wasiosoma: nafasi za utumishi wa umma hutangazwa hadharani na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, maombi hupelekwa kwa mfumo wake uitwao Ajira Portal, na hakuna ada ya kuomba. Mtu aliyeko Newala au Kasulu huomba akiwa kwake. Hana haja ya kuhamia Dodoma ili eti awe karibu na ofisi.

Lakini sisi tunataka kulisema hili kwa sauti ya dini, siyo kwa sauti ya tahadhari ya matapeli peke yake. Ndugu yangu uliyetuma laki mbili ili jina lako lisukumwe, tuseme yule mtu alikuwa ni ofisa wa kweli. Ungekuwa umefanya nini? Ungekuwa umetoa rushwa ukamnyang'anya nafasi mwenzako aliyestahiki, na mshahara wako wa kila mwezi ungekuwa na doa hilo. Basi ulipogundua kuwa ni tapeli ukaja kulia msikitini, tulikuhurumia kwa fedha uliyopoteza, lakini toba unayo palepale, kwa sababu nia yako ilikuwa imeshalipa. Tunajua maneno haya ni mazito. Lakini kila mwaka tunawaona vijana wanalizwa kwa mlango huu, na mlango wenyewe hufunguliwa kwa tamaa ya kupita mbele ya wengine.

Aina ya pili ni hii ya "kampuni". Kijana tuliyemsomesha tangu juzuu Amma, mtu wa upande wa Kondoa, alipigiwa simu na mtoto wa ami yake aliyekuwa mji mwingine. Akaambiwa kuna kampuni inaajiri, mshahara mzuri, wenye elimu ya kidato cha nne wanatosha, ila aje na fedha ya "mafunzo" na asiwaeleze watu wengi maana nafasi ni chache. Mama yake akauza alizeti yote ya msimu, na juu yake akakopa. Kijana akafika, akakuta chumba kimoja wanalala watu kumi na mbili. Asubuhi wanavaa tai, wanakaa darasani, wanafundishwa namna ya kuwa matajiri. Kazi haikuwepo. Kilichokuwepo ni kununua bidhaa kwa ile fedha, kisha kuwaleta watu wengine wawili nao wanunue, ndipo nawe upate chako. Akakaa wiki tatu akila mlo mmoja, akiona haya kurudi. Kisha akampigia simu mdogo wake wa tumbo moja.

Alipotujia baadaye kutaka ushauri wa toba alituambia, "Ustadh, sikumchukia mdogo wangu. Nilikuwa nataka nirudishe hela ya mama."

Tulinyamaza muda. Hatukuwa na jibu la haraka, kwa sababu ndani ya maneno yake tuliiona sura ya fitina yote. Fitina hii haihitaji mgeni mwovu, kwa kuwa inamchukua aliyedhulumiwa ikamfanya yeye mwenyewe mlango wa dhulma, na inautumia udugu wa damu kama chambo, maana nani atamshuku kaka yake? Hukumu tuliyompa ni hii, nasi tunairudia kwenu: kujuta na kuacha hakutoshi hapa. Haki ya mja hairejeshwi kwa istighfari peke yake. Alitakiwa ampigie mdogo wake siku ileile, amweleze ukweli kwa ulimi wake, na fedha iliyopotea kwa neno lake iwe deni juu yake mpaka ailipe au asamehewe. Alhamdulillahi alifanya hivyo, ingawa kwa machozi. Deni bado analilipa kidogo kidogo.

Na kuna uongo mwingine mdogo zaidi ambao tunaona karibu sote tumewahi kuusema. Nao ni uongo wa kujistahi. Mtu yuko hapa mjini miezi minane, hana kazi, anabeba matofali siku moja, siku mbili hana. Wakipiga simu nyumbani anasema, "Tunasogea." Anatuma picha amesimama kando ya gari la mtu. Hakumwita yeyote, hakuchukua fedha ya yeyote. Lakini kule kijijini picha ile inapita mkono kwa mkono, na vijana watatu wanafunga mabegi. Ndugu zetu, tunaelewa uchungu wa kusema, "Sijapata." Jamii zetu zimeifanya safari ya mjini kuwa kama ndoa, anayerudi anaulizwa amefanya nini. Sisi wazee na walimu tuna sehemu katika kosa hili. Tukimpokea anayerudi kama tunavyompokea anayefanikiwa, tukamwambia karibu nyumbani, shamba lipo, tutakuwa tumemwondolea haja ya kudanganya. Maswahaba waliorudi kutoka Habasha kwa habari ya uongo, wapo walioondoka tena kwenda Habasha mara ya pili. Hatusomi kwamba kuna aliyewacheka.

Tupite haraka kwenye mambo ya vyeti, maana tumeulizwa sana. Anayetafuta kazi ya serikali akiwa mbali ahakikishe cheti chenyewe kipo mkononi. Karatasi za matokeo ya muda hazikubaliwi. Aliyesoma nje ya nchi aombe utambuzi wa shahada yake Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kabla tangazo halijatoka, siyo wiki ya mwisho. Majina yafanane katika kila cheti. Wenzetu tuliosoma kwa Kiarabu tunaandikwa Muhammad mahali pamoja, Mohamed mahali pengine, na Muhamadi katika cheti cha kuzaliwa, kisha tunashangaa maombi yakirudi. Ndugu waliokuwa masomoni Khartoum vita vilipozuka tarehe 15 Aprili 2023 wanalijua suala la vyeti kwa uchungu, kwani wapo waliorejeshwa nyumbani mwezi uleule na begi moja, nyaraka zote zimebaki huko. Hao wasaidiwe kwa barua na ufuatiliaji, wasiambiwe "njoo tu, shule za Kiislamu zinatafuta walimu wa Kiarabu", ilhali anayesema hajawahi kuiuliza shule hata moja. Na yale tuliyoandika katika wasifu wetu tuwe tunaweza kuyasimamia tukiulizwa. Hilo halihitaji darsa.

Tulitazame sasa tukio la Nabii Musa (a.s.) katika Surat al-Qasas, kwani ndani yake mna mtu aliyefika mji mgeni, hana kazi, hana jamaa, hana hata chakula. Alipofika kisima cha Madyan aliwakuta mabinti wawili wamezuia wanyama wao kwa sababu ya msongamano wa wachungaji. Akawanyweshea. Hakuuliza malipo. Kisha akaenda kivulini akamlalamikia Mola wake uhitaji wake. Kazi ilimfuata palepale kivulini: mmoja wa wale mabinti akaja kumwita, kisha akamshauri baba yake amwajiri, kwa sababu mbili, nguvu na uaminifu.

Wapenzi wa Qur'ani, angalieni mambo mawili hapa. La kwanza, yule binti alishuhudia alichokiona. Nguvu aliiona kisimani, na uaminifu aliuona katika adabu ya mgeni yule. Hakusema, "Nasikia ni mtu mzuri." Sisi tunaandikiana barua za utambulisho kwa watu ambao hatujui hata wanaswali msikiti gani, tukisema tunamfahamu tangu utotoni. Na katika Surat an-Nisaa tumefundishwa kwamba anayemwombea mwenzake katika jambo jema ana fungu katika jema hilo, na katika jambo ovu ana fungu la mzigo wake. Kumtafutia mtu kazi ni uombezi. Basi aliyempeleka mwizi dukani kwa mtu kwa barua ya sifa asijitoe baada ya duka kufilisika.

La pili, yule mzee hakumwambia Musa (a.s.), "Wewe kaa tu, tutaelewana." Alitaja kazi, akataja muda: miaka minane, na ikitimizwa kumi basi hiyo ni hisani ya Musa mwenyewe. Akataja na malipo yake, na akabainisha kwamba hataki kumtaabisha. Musa akakubali kwa maneno ya wazi, na wakamfanya Allah (s.w.) kuwa shahidi. Haya yalisemwa na mtu aliyekuwa na uwezo wote juu ya mgeni mwenye njaa, ambaye angekubali kwa sahani ya chakula. Leo nani katika sisi anamfanyia hivyo mgeni mwenye njaa?

Hapa tunawageukia akina baba na akina mama wenye nyumba. Binti anatolewa kijijini, Mpwapwa au Manyoni, kwa ahadi kwamba atafanya kazi za ndani na jioni atapelekwa cherehani. Mwaka unapita, cherehani hajaiona, mshahara "unawekwa", na simu ya kuzungumza na mama yake iko mkononi mwa mwajiri. Mwenye nyumba huyo tunaswali naye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Lakini kabla ya sheria hiyo, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni. Mshahara "uliowekwa" ni deni. Basi uandikwe, na nakala iende kwa wazazi wake.

Anayeondoka naye ana wajibu. Asiwaache mkewe na wanawe bila chakula kwa kisingizio kwamba anakwenda kuwatafutia, kwani nafaka ya mwezi huu haijazwi kwa mshahara wa mwakani. Na nauli ya kurudi aifunge mahali, asiiguse kwa chakula wala kwa vocha. Tumewaona watu wakikubali dhulma ya wazi kwa sababu moja tu, kwamba hawakuwa na nauli ya kuondoka.

Baada ya hayo limebaki jambo letu sisi tulio hapa, sisi tunaopokea. Wahajirina walipofika Madina, Mtume (s.a.w.) aliwaunga udugu na Ansari. Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaungwa na Saad bin ar-Rabi' (r.a.), tajiri wa Kiansari, aliyemwambia wagawane mali yake nusu kwa nusu. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aoneshwe soko. Akaoneshwa soko la Banu Qainuqa, akaenda, akarejea na jibini na samli. Haukupita muda mrefu akaonekana ana athari ya zafarani, amekwishaoa, na mahari yake ni dhahabu uzito wa kokwa ya tende.

Hadithi hii husemwa sana mimbarini kusifu kujitegemea kwa Abdurrahman (r.a.), na ni kweli. Sisi tunaona tusimsahau yule aliyemwonesha soko. Kwa mgeni, kujua soko liko wapi, nani anauza nini, nani analipa na nani halipi, ni mali. Sisi wakaazi tunayo mali hiyo bure, haipungui tukiitoa, na bado tunaibania.

Yule ndugu yetu wa Tanga, katika miezi ile minne, hakuoneshwa soko na sisi tuliomwita. Tulikuwa tunamkwepa kwa haya. Aliyemshika mkono ni mzee mmoja wa msikiti huu, mwenyeji wa siku nyingi, ambaye hakuwa amemwahidi lolote. Alimpeleka soko la Majengo baada ya Alfajiri, akamkutanisha na wenye meza, akamdhamini mbele yao. Ndugu yetu akaanza kuagiza nazi kutoka kwao. Mpaka leo asubuhi anauza nazi, na jioni anasomesha. Tulipomwendea kumwomba radhi alisema ameshasamehe zamani, ila akatuomba tusimwite mtu mwingine namna ile.

Kwa ombi lake hilo, na kwa idhini ya imamu na kamati, ambayo safari hii imekaa kweli na imeandika muhtasari, tumeanzisha daftari. Upande mmoja zinaandikwa kazi ambazo mmoja wetu ameziona kwa macho yake na kumwuliza mwajiri: ni kazi gani, ujira kiasi gani, unalipwa lini, na jina la muumini anayethibitisha. Upande wa pili wanaandikwa ndugu walioko mbali wanaouliza. Asiyeweza kuandika jina lake mbele ya habari, habari hiyo haiingii. Na kuna mfuko mdogo wa mkopo mwema, usio na riba, kwa ajili ya kodi ya mwanzo, ambao hadi jana ulikuwa umepata wachangiaji kumi na mmoja.

Daftari liko kwa katibu, pale karibu na kabati la misahafu. Katika ukurasa wa kwanza kuna familia ya watu watano inayotarajiwa Jumatatu kutoka Sumbawanga. Baba ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, ajira yake imethibitishwa na barua tumeiona. Chumba bado. Mwenye chumba, au anayemjua mwenye chumba asiyetaka kodi ya mwaka mzima, amwone katibu kabla hatujatawanyika.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.